Udi Katika Jicho la Deki

Shilingi elfu nne mia tisa na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza zilikuja elfu tano kamili, nikashuku, maana gharama ya kweli haiji imechanwa nywele namna hiyo. Nikarudia, nikakumbuka ile hamsini niliyorudishiwa na makanga baada ya kubishana naye kutoka Gede hadi Matsangoni.

Ndani ya hesabu hiyo mna macho mawili ya deki niliyoyaua kwa mkono wangu mwenyewe, kilo mbili za samaki changu kwa mwalimu mmoja wa Kilifi, sukari na majani ya chai kwa mama mmoja wa Junju mwenye pumu, nauli, spiriti, na bomba la dawa ya meno ambalo halikumsafisha mtu meno. Nilicholipwa ni elfu mbili na kofia. Kibiashara ni hasara, tena ya wazi. Lakini katika miaka yote niliyokaa dukani Malindi sijawahi kutembea mtaani kifua mbele kama nilivyotembea Ijumaa ile.

Siku hizi nauza vifuniko vya simu na kutoa nakala za vitambulisho. Zamani, kabla simu hazijameza kila kitu, kazi yangu ilikuwa kuchoma diski. Harusi, mawaidha, taarabu, nilichoma yote. Mashine saba zilikaa kwenye rafu kama wanafunzi wa chuoni, na mimi mbele yao. Kila diski niliitia katika bahasha, nikaipiga muhuri wa duka, na chini ya muhuri maneno niliyoyabuni mwenyewe nikiwa kijana mwenye kujiamini: HAIHARIBIKI MILELE.

Asubuhi moja ya Alhamisi, dada mmoja wa mtaa wa pili aliingia dukani na bahasha hiyo mkononi. Namjua, baba yake alikuja kutoka visiwa vya kaskazini, akanunua kiwanja, akajenga, na mwaka jana akafariki. Yeye hushona kofia za mkono, zile za vitobo, na nyumba ile ya baba ndiyo anayokaa na wanawe.

"Kaka, hii ni yako?"

"Muhuri ni wangu," nikasema. Mfanyabiashara hakubali zaidi ya anachoulizwa.

"Basi milele yako imekwisha. Haichezi."

Nikamwambia akae. Akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutamani angekuwa amekuja kununua kifuniko cha simu.

Diski ile ilikuwa ya harusi yake, miaka kumi na saba iliyopita. Siku ya nikahi baba yake alisimama mbele ya wanaume waliohudhuria, akasema kwamba nyumba ameitoa hiba kwa bintiye, akampelekea ufunguo nyuma ya pazia, naye akajibu kwa sauti kwamba amekubali. Hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, ina miguu mitatu: kutoa, kukubali na kukabidhi. Ukikosekana mmoja, haisimami. Haikuandikwa popote. Na sasa mirathi ilikuwa inagawanywa, na nyumba imo ndani ya mirathi.

"Na waliokuwepo?"

"Waliokumbuka wamekufa. Waliobaki wasema walikuwa wakila pilau."

Kaka yake mkubwa alikuwa Arabuni wakati huo. Si mtu mbaya. Alimwambia dada yake hivi: mimi sikuwepo, sina ugomvi, niletee sauti ya baba nikaisikie mwenyewe, nami nitanyamaza. Kikao cha ukoo kimewekwa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Asiposikia, nyumba itauzwa wagawane.

Nakala zilikuwa kumi na mbili. Nilimuuliza habari ya kila moja. Tano hazijulikani ziliko. Nne zimekwaruzwa na watoto hadi zinaonekana kama sufuria. Moja ilivunjika. Moja iko Jilore, shemeji yake ameining'iniza katikati ya mahindi kufukuza ndege, na ndege kwa kweli wanaiogopa. Iliyobaki ni hii, haijakwaruzwa hata kidogo.

"Elfu tatu," nikasema.

"Elfu moja. Na muhuri wako wasema milele."

"Milele ni ya diski, dada. Ufundi ni mbali."

Tukafika elfu mbili, na isiposomeka hanilipi chochote. Nilidhani nimemfanyia ukarimu. Kumbe bado sijajua ninauza nini.

Nikaitia kwenye deki ya dukani. Ikazunguka, ikakoroma, ikatangaza kwamba hamna diski ndani. Mtu amelala kitandani mwako nawe wasema kitanda ki kitupu! Nikaitoa, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua kutoka katikati kwenda nje kama tufanyavyo mafundi wote. Haikuwa na mkwaruzo wa kusugua, lakini mkono wa fundi haukai bure. Nikairudisha. Ikakoroma vile vile, ila sasa inanukia mnanaa.

Basi nikafanya lile ambalo kila fundi wa pwani hii hulifanya deki inapozeeka. Ubavuni mwa jicho, yaani pale inapotoka leza, pana skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Ukiizungusha, mwanga unaongezeka. Twaita kuongeza moto. Nikaongeza kidogo, ikaonyesha picha nusu, ikaganda. Nikaongeza tena. Jicho likafa. Nikanunua la pili, lililotolewa kwenye deki kuukuu, kwa mia tisa, na la kwanza pia lilikuwa la mia tisa, nikaliongezea moto kwa adabu zaidi, nalo likafa kwa adabu.

Mke wangu alinitazama kutoka mlangoni. "Umeua mawili. Ukifika saba wakupa medali?"

Jumamosi nikaenda Kilifi. Pale kuna mwalimu mstaafu aliyenifundisha fizikia kidato cha pili. Mtu hapendi kurudi kwa mwalimu aliyemwona akiwa mjinga, lakini siku zilikuwa zimebaki sita. Nikabeba changu, nikabeba deki ya pili ya dukani, nayo ilikoroma vile vile lakini jicho lake bado hai, nikabeba diski.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akanikazia macho juu ya miwani. "Wewe ni yule wa alama kumi na tisa."

"Ishirini na moja, mwalimu. Nilihesabu mara mbili."

"Ndiyo maana hazikutosha. Ulikuwa wahesabu, hufikiri." Akapokea samaki, akawapima kwa mkono, akaridhika. "Haya. Umeleta nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye skrubu akafumba macho kama mtu aliyesikia msiba.

Akafunga mapazia, akafungua kifuniko cha deki, akaifanya iwake bila diski. "Usiweke jicho lako mbele ya jicho lake," akasema. "Lako halina duka la kununulia." Mwanga mwekundu ukaruka hadi kwenye karatasi nyeupe aliyoibandika ukutani. Nilitarajia duara. Lilikuwa duara kweli, lakini la mtu aliyechora akiwa ndani ya mashua: limejaa mabaka, upande mmoja limefifia, upande mwingine lina mkia.

"Huo ndio mwanga wako," akasema. "Sasa niambie, shida yake ni udogo wa nguvu?"

"Hapana. Ni mchafu."

"Alama ishirini na mbili."

Akanieleza, na hii naiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao bado mwashika bisibisi. Diski imeandikwa vialama katika mistari iliyobanana hata unywele mmoja unafunika mistari mingi. Mwanga ukishuka lazima ukusanyike uwe nukta ndogo, mviringo, safi, iangukie mstari mmoja tu. Ukiwa na mkia au ukatandaa, unagusa mstari wa jirani, na deki inasikia watu wawili wakisema kwa pamoja. Ukiongeza moto, wote wawili wapiga kelele.

"Mwenye kigugumizi humponyi kwa kumpa kipaza sauti," akasema mwalimu.

"Nimelisafisha jicho kwa spiriti, mwalimu."

"Umesafisha la juu. Chini yake kuna kioo kinachoelekeza mwanga, na vioo vingine nyuma yake. Huko hukufika, wala hutafika." Kisha akainama, akanusa mashine yangu. Akanusa tena. "Hii deki yanukia bibi harusi."

Nikajinusa shati. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha kioo alichokishikilia juu ya chetezo chake cha udi kwa muda. Akatoa kile kimwangaza chekundu cha kuonyeshea ubaoni. Bila kioo, nukta ukutani ilikuwa kama kichwa cha pini. Kupitia kioo kile, ikawa yai lililopasuka.

"Moshi wa udi una mafuta," akasema. "Huingia, hutulia, huganda na chumvi ya pwani. Hapa kwetu deki yakaa sebuleni, na chetezo chakaa sebuleni. Tafuta deki ambayo haijawahi kufukizwa."

"Yako je?"

"Yangu nilimpa mjukuu. Aliifanya gari."

Kabla sijaondoka akaigeuza diski kwenye jua la dirishani. Akaitazama muda mrefu. Karibu na ukingo palikuwa na utepe wa rangi tofauti, hafifu, kama mahali kitambaa kilipopauka.

"Diski yenyewe pia ina neno," akasema. "Aliyeiandika alikuwa na jicho chafu na haraka nyingi. Huku mwisho mwandiko umelala kabisa. Nani aliichoma?"

Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu, upande wa muhuri kwa ndani.

"Zama zile tulikuwa wengi, mwalimu," nikasema.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakumbuka kitu ambacho sikuombwa kukikumbuka. Mwezi wa Shaabani, harusi zimejaa kabla ya Ramadhani, watu wamepanga foleni hadi barabarani. Diski ya kuandikwa taratibu yataka muda; nami niliziweka mashine zote saba kwenye mbio zake za mwisho. Na juu ya rafu, ili duka linukie harusi na mabibi wavutike kuingia, niliweka chetezo. Kila siku. Nilikuwa najisifu kwacho.

Nilipitia kwa dada kumpa habari. Alikuwa akishona kofia, sindano ikiingia na kutoka katika vitobo ambavyo mimi sivioni bila miwani. Nikaanza kumweleza mwanga, nukta, mistari, mkia.

"Aa," akanikatiza bila kuinua kichwa. "Sindano nene."

"Vipi?"

"Ukishona kitobo kwa sindano nene, yashika na kitobo cha pili, ua lote laharibika. Haitaki nguvu, yataka sindano nyembamba." Akavuta uzi. "Wenda Kilifi kuambiwa hivyo?"

Nauli mia sita kwenda na kurudi, na kilo mbili za changu.

Ikabaki kutafuta sindano. Jaribu wewe kutafuta katika Malindi nyumba yenye deki isiyowahi kuonja udi. Nilipita kwa jamaa, kwa wateja wa zamani, kwa muuza vyombo vilivyotumika. Kila deki nilikuwa nainusa. Watu walianza kunitazama. Jioni ya Jumatatu nikarudi nyumbani nimekata tamaa, mke wangu akaniambia akiwa anachambua mchicha, "Si khalati yangu wa Junju ana pumu?"

"Nimpe pole?"

"Mpe pole, umwombe deki. Kwake hata ubani hauwashwi. Mashine ameivisha kitambaa cha kufuma, aitoa sikukuu kwa sikukuu."

Khalati, dada wa mama mkwe wangu, alinipokea vizuri, akapokea na sukari na majani. Deki ilikuwa safi kama meza ya hospitali. Nikainama nikanusa. Haikunukia kitu.

"Wanusa nini, mwanangu?"

"Nanusa bahati, khalati."

"Basi nirudishie na kitambaa chake. Na kikinukia moshi nitajua."

Nyumbani kwangu Jumanne, diski ikaingia, ikazunguka, na bila kukoroma wageni wa miaka kumi na saba iliyopita wakaanza kuketi kwenye majamvi. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Ikaenda vizuri saa nzima, na ilipokaribia mwisho, kule ukingoni, baba mtu akasimama. Akasema maneno yake. Akainua ufunguo. Picha ikaganda. Nikahesabu: sekunde tisa. Kisha ikaendelea. Nikaicheza mara ya pili ili niwe na hakika, maana ndiyo tabia yangu. Pale pale ikaganda sekunde kumi na moja. Hapo nikaitoa. Kitu kinachozidi kuchoka hakihesabiwi mara ya tatu.

Niliirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini, lakini kaka mtu alikuwa ameshasema hataki ya simu. "Siku hizi simu yaweza kumfanya marehemu aimbe taarabu," alisema. "Nataka diski yenyewe, icheze mbele yangu." Kwa hilo sikuweza kubishana naye.

Ijumaa baada ya sala nikaingia nyumba ile na deki kifuani kama mtoto mchanga. Walikuwepo kaka, dada, wazee wawili wa ukoo, na binti wa dada aliyekuwa akiandaa kahawa. Na pale pembeni mwa televisheni, moshi wa buluu unapanda taratibu.

"Toeni hicho chetezo!"

Binti akashtuka. "Mjomba, ni cha wageni."

"Wageni watanusa baadaye. Nje, mwanangu, nje kabisa, na mlango uache wazi."

Mzee mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti ambayo ilitakiwa iwe ya chini, "Huyu naye ana pumu?"

Kaka mtu alikuwa ameketi mbele, mikono magotini. "Sina ugomvi na dadangu," akasema, akinitazama mimi. "Lakini nyumba ni nyumba. Nitakubali kwa masikio yangu, si kwa waliokuwa wakila pilau."

Nikaiwasha. Wageni wakaketi. Khatibu akasoma. Mzee wa pili akajiona kijana katika skrini, na kweli mbele yake palikuwa na sinia. Wote tuliliona.

Kisha baba akasimama. Sauti yake ilipotoka, kaka mtu aliinua kichwa kama aliyeitwa. "Nyumba hii nimempa binti yangu, hiba, nikiwa hai na akili yangu timamu. Na ufunguo wake huu." Mkono ukainuka.

Picha ikaganda.

Moja. Mbili. Tatu. Dada aliacha kupumua, nilimsikia akiacha. Saba. Nane. Deki ilikuwa ikitafuta, nasikia jicho likipanda na kushuka kidogo kidogo. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Ndiyo mwisho?" akauliza kaka.

"Subiri, bwana."

"Hiba bila kukubali ni ahadi," akasema mzee wa kwanza taratibu, na hakusema kwa ubaya.

Kumi na tatu. Kumi na nne. Mkono wa marehemu umesimama hewani na ufunguo, nami namwomba Mwenyezi Mungu kwa ajili ya nukta moja ya mwanga, iwe mviringo tu, isiguse jirani. Kumi na sita.

Mkono ukashuka. Ufunguo ukapita kwenye pazia, vidole vya kike vyenye hina vikaupokea, na kutoka nyuma sauti changa, yenye kutetemeka, ikasema, "Nimekubali, baba."

Kaka mtu alikuwa analia bila kujificha. Hakuwa amesikia sauti ya baba yake tangu mazishi.

"Irudie," akaniambia.

"Hairudiwi. Ukitaka mara ya pili, ongeza elfu mbili."

Akacheka katikati ya machozi, akanipiga bega. Kisha akamgeukia dada yake. "Nyumba ni yako. Mimi hapa mgeni. Na mgeni hupewa kahawa, au nayo yataka hiba?"

"Mpeni kahawa," dada akasema, naye analia, "kabla hajadai na mashahidi."

Mzee wa sinia akataka chetezo kirudishwe. Nikamruhusu, baada ya kuivisha deki kitambaa chake na kuitoa nje.

Nilitoka pale nikapita mtaa mzima. Habari zilikuwa zimenitangulia. Kinyozi alinisalimu kwa kusimama. Wiki hiyo nililetewa diski kumi na nne, nikazihesabu tena, kumi na nne, na kila mwenye diski nilimfundisha habari za udi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akiijua. Khalati aliinusa deki yake, akanipa tano kwa tano. Mwalimu alinitumia ujumbe: alama ishirini na tano.

Dada alilipa elfu mbili zake bila kupunguza. Na Jumapili akaja na kofia. Miezi mitatu ya mkono wake, vitobo vidogo kuliko mchanga, ua ndani ya ua. "Kaka, wewe ndiye uliyeniokolea nyumba," akasema, akaniwekea kichwani mwenyewe mbele ya wateja.

Kofia iko kabatini, katika mfuko wa nailoni, mbali na udi. Sijaivaa. Kila nikiichukua naona ule utepe hafifu ukingoni mwa diski, na mimi kijana niko mbele ya mashine saba, chetezo chafuka moshi juu ya rafu, nimezikaza mbio. Niliokoa nyumba ambayo nilikaribia kuipoteza mimi mwenyewe miaka kumi na saba nyuma, na hakuna ajuaye ila mimi na sasa nyinyi. Bahasha anayo yeye. Muhuri wangu uko juu yake, na maneno yale chini ya muhuri.

Nikimwambia, huenda akacheka, huenda akadai elfu mbili zake, na atakuwa na haki kwa yote mawili. Nisipomwambia, nimevaa kichwani sifa nisiyoistahiki yote. Nimepima upande huu, nikapima na ule, mara mbili mbili, na hesabu hazifanani. Ijumaa ijayo kuna nikahi mtaani kwetu, naye ataangalia kama nimeivaa. Basi nipeni shauri, nyinyi msio na muhuri humu ndani: niivae kwanza, au niende kwanza kwake?